Cherehani ya Habib Iliyofunga Ramadhani

Habib, fundi cherehani wa Gisenyi mjini, alikuwa na mdomo uliofanya kazi kuliko sindano yake. Goti lake la kulia lilipoanza kukataa kanyagio, hakumwambia mtu, hata mkewe Uwineza, mama wa mwanawe Ingabire. Fundi asiyeweza kukanyaga ni nani? Ni mzee tu aliyekaa barazani na futi shingoni. Hilo lilimtisha kuliko maumivu yenyewe.

Ramadhani ikaingia, kanzu za Idi zikarundikana, naye akapata wazo. Yeye mwenyewe alishona kutwa bila tone la maji. Mtu akiweza, chuma kitashindwaje? Mota ya umeme wa ukutani hakuitaka, maana kila mtu angejua ni ya wagonjwa wa miguu. Hii yake ingekuwa uvumbuzi. Akafunga kwenye cherehani dinamo ya baiskeli na mota ya waipa, kile kifuta-mvua cha kioo cha gari. Cherehani izungushe dinamo, dinamo ilishe mota umeme, mota izungushe cherehani, na Habib apige soga mpaka magharibi.

"Cherehani yangu iko nafunga," aliwatangazia majirani. "Haikuli, haikunywi, na kazi inafanya."

Akakanyaga kwa nguvu kuianzisha. Ikashona nusu ya mkono wa kanzu, ikapunguza mwendo, ikasimama. Habib akasema haijazoea. Akaongeza gurudumu zito la pikipiki. Sasa ilichelewa kidogo kusimama, lakini kuianzisha kulimtoa jasho kama mtu anayepanda milima ya Kanama kwa baiskeli. Mashine ya kulipumzisha goti ikawa inalimaliza.

Théoneste, karani aliyerudi kutoka Goma, akaja kuulizia suruali yake. Akagusa mota, akaondoa kidole haraka.

"Iko moto, fundi. Bon, ile moto ni nguvu yako. Inatokea hapa, inatokea ku mukanda, ku sindano, na hairudi. Ile inabakia iko kidogo kuliko ile uliingiza."

"Basi nitaweka mafuta."

"Weka. Itachelewa kusimama. Lakini itasimama."

Habib hakukubali. "Mbona mi nafunga na nashona siku yote?"

Uwineza, aliyekuwa akichambua maharage ya futari, hakuinua kichwa. "We? Saa ya daku ulimaliza sufuria ya viazi, ukalamba na mwiko. Unashona na ile viazi, papa Ingabire. Na hii chuma yako, daku yake ni muguu yako. Iko naikula."

Habib akalishika goti lake.

"Ulijua?"

"Kila ukitoka ku sala unashika ukuta. Mi si kipofu."

Aibu ikampanda mpaka masikioni. "Naogopa, mama Ingabire," akasema, Théoneste akiwa palepale. "Nikiacha kukanyaga, mi ni nani hapa?"

Uwineza akaweka maharage chini, akang'oa mkanda wa dinamo, akamsukuma mumewe asogee kwenye benchi na kukaa kando yake. Akaweka miguu kwenye kanyagio. Habib akashika kitambaa. Mshono wa kwanza ulikwenda upande kabisa. Wa pili ukanyooka kiasi.

Théoneste akakohoa, akauliza suruali yake itakuwa tayari lini.

"Uliza fundi," Habib akasema, akimwonyesha mkewe kwa kidevu.