Kiti cha Mbele cha Kocha Honi

Mdogo wangu, Mungu amlaze pema, alizaliwa akipiga kelele na hakuacha mpaka siku alipotutoka. Mama alikuwa akisema mtoto huyu amemeza tarumbeta. Kwenye ibada, "Amina" yake iliwarusha njiwa waliotua juu ya bati, na mama alikuwa akimfinya paja.

"Mungu si kiziwi, mwanangu."

"Najua, mama. Lakini njia ni ndefu."

Alipokua akawa mwalimu wa michezo katika shule ya sekondari, na wanafunzi wakamwita Honi. Mimi ni fundi cherehani. Namba zote za mgongoni kwenye jezi za timu yake ya mpira zilipita mikononi mwangu, ndiyo maana wachezaji wake waliniita shangazi, hata wale walioanza kuota ndevu.

Basi la shule lilikuwa kuukuu, na kiti kimoja tu ndicho kilichobaki na sponji: kile cha mbele, pembeni ya dereva. Honi akakitungia sheria. Timu ikifungwa, hakuna kuzungumzia mechi mpaka basi livuke daraja la mto, katikati ya safari ya kurudi. Kabla ya hapo anayetaka kununa anune, anayetaka kulia alie. Basi likishavuka, Honi anageuka na kunguruma, "Haya, nani mbovu wa leo?" Hapo kila mchezaji husimulia kosa lake kubwa, kwa madoido yote, na aliyechekesha kuliko wenzake hukalia sponji mpaka shuleni. Vijana walikuwa wanatandikwa mabao manne halafu wanashuka kwenye basi wanacheka kama wametoka harusini.

"Dada," aliniambia, "kosa likishachekwa halina meno tena."

Ilikuwa kweli, isipokuwa siku moja.

Golikipa wake alikuwa kijana mrefu, mpole, wanamwita Sumaku kwa sababu mpira ukimfikia unanasa. Ilikuwa nusu fainali, mechi inakaribia kwisha, mpira mwepesi ukamjia taratibu, haukimbilii popote. Ukampita katikati ya miguu. Tobo. Mashabiki wa upande wa pili wakaanza kuimba, "Chujio! Chujio!"

Basi lilipovuka daraja, Honi hakupata hata nafasi ya kuuliza. Timu nzima ikapaza sauti, "Leo hakuna shindano! Kiti cha Sumaku!" Wakambeba mzobemzobe mpaka mbele, na mdogo wangu ndiye aliyeongoza makofi. Nyuma kulikuwa na vicheko. Uso wa yule kijana aliuona dereva peke yake.

Kesho yake Sumaku hakuja mazoezini. Keshokutwa hakuja shuleni. Mama yake, muuza mitumba, akapiga simu: mtoto halali, chakula anakigusa tu, anashinda ameugeukia ukuta.

Honi akaja kwenye chumba changu cha ushonaji, akakaa juu ya rundo la vitambaa vya wateja, na safari hiyo sikumfukuza.

"Dada, nimemvunja mtoto wa watu."

"Umemfanya nini?"

"Nilitaka acheke."

"Alicheka?"

Akainamisha kichwa. "Sikumwangalia. Nilikuwa napiga makofi."

"Basi nenda kwao. Lakini mdomo uuache hapa, nitakutunzia kwenye droo ya sindano."

Alikwenda. Akamwomba kijana radhi kwa sentensi moja, kisha akavuta kigoda akanyamaza. Kwa mtu kama Honi, afadhali ungemwambia azunguke uwanja na gunia la mchanga kichwani. Ili asiseme, alianza kukunja mitumba ya mama mtu. Alikwenda jioni ile na jioni zilizofuata, akakunja masuruali na masweta. Mama Sumaku aliniambia baadaye kwamba alikuwa akikunja vibaya ajabu, na kwamba kila akiondoka ilibidi yeye akunje upya.

Mwishowe kijana akageuka kutoka ukutani.

"Kocha, unaumwa?"

"Hapana."

"Mbona huongei?"

"Nakungojea wewe."

Hapo Sumaku akazungumza. Akasema akifumba macho anauona mpira ule. Akasema kama yeye si Sumaku tena, hajui ni nani, maana tangu utotoni hajasifiwa kwa kitu kingine. Akasema kuna asubuhi anaona bora asingeamka. Honi hakupiga mzaha wala hakuhubiri. Alimuuliza waziwazi kama anafikiria kujidhuru. Kijana akasema wazo humjia, na linamtisha. Honi akamshukuru kwa kumwambia, akamwita mama yake, wakaketi wote watatu, na kesho yake asubuhi wakaenda hospitali kumwona mshauri wa afya ya akili.

Kabla ya kutoka nyumbani, mama mtu alisita mlangoni. "Mwalimu, watu watasema mwanangu kichaa."

"Mama, mwaka jana alivunjika kidole tukampeleka hospitali hiyohiyo. Kuna aliyemwita Kidole?"

Mama akacheka bila kupenda, akachukua mkoba wake.

Mimi niliwaombea kila siku. Honi naye aliomba, halafu akanyanyuka akaenda kukaa nje ya chumba cha mshauri mpaka kijana atoke. Alisema sala na foleni hazigombani. Nami naamini hivyo, kwa sababu Mungu aliyempa daktari mikono ndiye aliyempa mshauri masikio.

Sheria ya basi nayo ikarekebishwa. Honi aliwasimamisha wachezaji akawaambia kwamba kuanzia siku hiyo hakuna wa kumtangazia mwenzake kosa. Kila mtu atasimulia la kwake, akitaka. Asiyetaka atasema "Napita," na hataulizwa kwa nini. "Na atakayemkonyeza," akaongeza, "atafua soksi za timu nzima." Tishio hilo lilitosha. Soksi zile nazijua.

Sumaku alirudi taratibu. Kwanza alikuja kuwafundisha makipa wa kidato cha kwanza kudaka, kisha akacheza nusu ya mechi, kisha mechi nzima. Aligundua pia kwamba anajua kuchora, akaanza kunichorea maua ya kutarizi kwenye vitambaa vya wateja wangu. Lakini ndani ya basi, zamu yake ikifika, alisema, "Napita."

"Siku atakayolisimulia tobo lile mwenyewe," Honi aliniambia, "nitajua kidonda kimefunga. Ila siulizi, dada. Naona nitakufa na hamu."

Akafa nayo kweli. Asubuhi moja alikuwa anafunga kamba za viatu vya mazoezi, na moyo wake ukasimama. Kazi ya Mungu haina makosa, nasema hivyo kila siku, na siku nyingine nasema mara mbili kwa sababu ya kwanza haikuingia.

Tulimzika kwetu, ng'ambo ya mto, karibu na mama. Basi la shule lilitupeleka, na likaturudisha. Kiti cha mbele hakuna aliyekikalia. Nilikaa katikati ya wale vijana, mabegani mwao kuna vumbi la kaburi, na hakuna aliyesema neno mpaka magurudumu yakagonga mbao za daraja, yakavuka.

Kapteni akakohoa. "Nani... nani mbovu wa leo?"

"Napita," akasema mmoja. "Napita," akasema wa pili. Likazunguka hivyo basi zima mpaka likafika kiti cha nyuma.

"Mimi," akasema Sumaku.

Akasimama. "Mpira ule wa nusu fainali ulikuja polepole, bibi yangu angeuzuia kwa ufagio. Nikapata muda wa kuutazama. Nikapata muda wa kufikiria nitauanzisha kwa nani. Nikapata hata muda wa kumpungia mkono msichana mmoja jukwaani."

"Muongo!" kapteni akaruka. "Ulipunga mkono?"

"Nilipunga. Na yule msichana ni shabiki wao. Ndiye aliyeanzisha ule wimbo wa Chujio!"

Basi likalipuka. Walicheka na kulia, wengine wakigonga viti. Nikainua macho juu nikasema moyoni, umesikia, Honi? Umesikia, bila shaka. Njia si ndefu hivyo.

"Shangazi," Sumaku akaniita, "una la kusema, au unapita?"

Sikupita. Nikawaambia kwamba asubuhi ile hospitalini, tulipokwenda kumchukua marehemu, nilikimbilia jeneza la kwanza nililoliona, nikalikumbatia, nikalia, "Mpenzi wangu, umeniacha na nani?" Nikaomba sala ndefu. Nilipofika kwenye "Amina" mama mmoja akanigusa bega na kuniuliza kwa upole, "Samahani dada, wewe ni nani wa mume wangu?"

Hawakupiga kura. Walininyanyua, wakanipitisha kati ya viti mpaka mbele. Lakini Sumaku alitangulia akaniangalia usoni kwanza, akasubiri nitikise kichwa kukubali, ndipo wakaniketisha.

Sponji lilikuwa limeshabonyea umbo la watu wengi. Dereva hakuwa amekisikia kisa changu, sauti ya injini ilikuwa imemziba masikio. Akanitupia jicho, akajifuta machozi kwa mkono wa shati.

"Pole, shangazi. Na wewe umefanya nini mpaka wakakuleta huku?"

Nikaanza kumsimulia upya, kwa sauti kubwa.