Dashboard ya Tabaka Ilikuwa ya Kerubo

Akili yangu imekataa kabisa. Asubuhi nimeanza kumwandikia Kerubo meseji ya kumuuliza formula, nikafika katikati ndipo nikakumbuka. Siku nne tu za homa ya mapafu, na hayupo.

Kwa ambao hamkumjua: Kerubo alikuwa data analyst kwenye kampuni yetu ya software hapa Kisii mjini. Mimi ni developer, na kwa miaka mitatu meza yangu ilitazamana na yake. Alhamisi tunamzika kwao Gesima, kando ya shamba la chai la baba yake.

Alikuwa mfupi, mbishi, na hakujua kunong'ona. Ukimletea graph yenye rangi tano alikuuliza kama umeanza kuuza nguo za watoto.

Siku hizi unaiuliza mashine swali kwa maneno ya kawaida, inakuchorea chati yenyewe. Sisi wengine tuliingiwa na baridi, tukajua tunapigwa kalamu. Yeye alisema vizuri, sasa kaeni chini mjifunze kuuliza maswali ya maana, kwa sababu hiyo mashine haijawahi kufika Tabaka.

Yeye alifika. Alikaa wiki mbili na mafundi wanaochonga vinyago vya mawe ya sabuni, akawa anarudi ofisini na vumbi jeupe hadi kwenye nyusi. Alitaka kujua kwa nini mzigo unaoenda ng'ambo hupungua miezi fulani. Kutokana na hizo wiki mbili akajenga dashboard, ukurasa mmoja wa chati ambao hata fundi asiyependa kompyuta aliuelewa.

Kila Jumapili alikuwa Kebirigo, nyuma ya duka la dawa, akifundisha bure. Laptop mbili, watu tisa, wengi wao developers wa code tu waliotaka kuingia kwenye data. Aliwaambia wasingoje kampuni iwapeleke training, kozi za bure zimejaa mtandaoni, wajipeleke wenyewe. Wawili wao leo wana kazi.

Sasa nifike kwenye kile kilichonikaa kooni.

Wafadhili fulani walitangaza nafasi moja ya mafunzo ya mwaka mzima ya business intelligence, yaani kutumia data kuongoza biashara, kwa mtu aliyejenga kazi bora hapa kwetu. Kerubo aliitaka hiyo nafasi kuliko kitu chochote. Tangazo lenyewe alilibandika ukutani juu ya screen yake.

Presentation ilikuwa Ijumaa. Manager wetu akaisogeza hadi Jumamosi.

Ofisi nzima ilijua Kerubo ni Msabato, na nyumbani kwao hakuna anayegusa laptop siku ya Sabato hata jengo likiungua. Alimwomba manager airudishe Ijumaa. Manager akamwambia asijali, atawakilishwa.

Akawakilishwa kweli. Yule bwana alisimama mbele ya wafadhili akasema, "Hii dashboard niliyoijenga." Mimi ndiye niliyekuwa nabonyeza slides.

Fundi mmoja wa Tabaka, kati ya wale walioalikwa kusikiliza, akauliza kwa nini mstari unaanguka Aprili. Manager akajibu kwamba soko la ng'ambo hulala. Mafundi wakatazamana, maana kila mtu Tabaka anajua Aprili mvua inajaza machimbo na mawe hayatoki. Wafadhili ni wageni, hawakujua. Nafasi akapewa yeye.

Mimi nilijua jibu, na nilijua mwenye kazi. Nilinyamaza kwa sababu contract yangu ilikuwa inaisha mwezi huo. Sijitetei.

Kesho yake nilimfuata Kerubo huko Kebirigo. Alimaliza kwanza kufundisha, kisha akaniuliza, "Walipouliza nani ameijenga, wewe ulikuwa wapi?"

Nikamwambia nilikuwa pale pale. Hakunisemesha wiki tatu. Halafu siku moja akanitumia link ya kozi ya SQL, bila salamu.

Jana manager aliandika kwenye ukurasa wake kwamba yeye ndiye aliyemkuza Kerubo kikazi. Tena amempigia baba yake kuomba nafasi ya kuongea kwenye mazishi kwa niaba ya mwajiri.

Mimi ndiye ninayeandaa programme ya mazishi, kwa hivyo mzee alinipigia kuuliza huyo mtu alimtendeaje mtoto wake. Nilimweleza yote, hata yangu.

Akasema, "Mpe nafasi. Kama alimkosea, aseme akiwa amesimama mbele ya jeneza, watu wakimwangalia."

Kwa hivyo manager, najua unasoma. Wewe ni namba sita, baada ya mafundi wa Tabaka. Wanakuja lori zima.

Kwenye hema kutakuwa na screen. Tutaifungua ile dashboard na historia yake yote, kila badiliko na jina la aliyelifanya. Jina lako halimo hata mara moja. Kisha utaulizwa tena habari ya Aprili, mama yake akiwa ameketi mbele yako.

Usipokuja, nitaisoma historia hiyo hivyo hivyo nikionyesha kiti chako. Wafadhili wameshapata nakala leo asubuhi, na barua yangu ya kuacha kazi iko mezani pako.

Wengine mmeniandikia inbox kwamba niache, marehemu hataki vita. Hamkumjua. Kerubo aligombana hata na koma iliyokosewa.

Na mimi sitajifanya mtakatifu. Nataka huyu mtu aone aibu, na nataka niwe karibu nikimtazama akiiona.

Kerubo, dada yangu, kinachoniuma kuliko yeye ni kwamba neno moja tu lingalitosha, na ungalilisikia ukiwa hai. Nimelileta wewe ukiwa mochwari.

Lala vizuri huko Gesima. Alhamisi mimi nitaongea.