Ngoma Zetu na Harusi ya Mpiga Kinanda

Mwaka 2013, Minnesota ilipopitisha sheria ya kuruhusu wanaume wawili au wanawake wawili kuoana, mchungaji wetu alianza kujiandaa kwenda jela. Sitanii. Alinunua soksi nene jozi sita, maana alisikia jela za Amerika zina baridi.

Mimi nilikuwa katibu wa kanisa, cheo nilichopewa kwa kuwa kompyuta yangu ilikuwa inawaka. Siku za kazi niliogesha wazee katika nyumba ya kuwatunza kule Golden Valley, na Jumapili nilisoma matangazo. Wengi wetu tulikuwa Wakenya, pamoja na familia kadhaa za Wakongo. Tulisali saa nane mchana katika jengo la Walutheri wazungu huko Brooklyn Park, wao wakishamaliza ibada yao ya asubuhi. Wao walikuwa thelathini na wanyamavu. Sisi tulikuwa mia na ushee, na ngoma.

Mchungaji aliita kikao cha kamati.

"Watakuja na polisi," alisema. "Wataniambia, fungisha ndoa hii. Nitakataa. Je, mtaniletea chakula huko ndani?"

Alimtazama mpishi wetu mkuu, mama mmoja wa Kikongo aliyekuwa ameona polisi wa kweli katika maisha yake.

"Pasta," yule mama akasema, "kuna mtu amekuomba umfungishe?"

"Bado."

"Basi ngoja kwanza uombwe."

Kamati ikanituma niisome sheria yenyewe. Niliisoma kazini, wakati wa chakula cha mchana, nikiwa na uma mkononi. Iliandikwa wazi kwamba hakuna kiongozi wa dini atakayelazimishwa kufungisha ndoa asiyoiamini, wala kanisa halitalazimishwa kutoa ukumbi au huduma kwa ajili yake. Nilirudia kuisoma nikitafuta mtego, sikuuona. Nikampelekea Mchungaji. Alisoma, akavua miwani.

"Hata faini hakuna?"

"Hakuna, Mchungaji."

Sijawahi kuona mtu akihuzunishwa na uhuru namna ile.

Msimu wa majani kuanguka, jambo likatujia kwa mlango wa nyuma. Mpiga kinanda wa Walutheri, mzee mwembamba aliyewahi kututengenezea spika zetu bure, alikuja kuniona. Alikuwa ameishi na mwanamume mwenzake, mwalimu mstaafu wa hesabu, zaidi ya miaka thelathini. Sasa kanisa lao lilikuwa limekubali kuwafungisha ndoa, Jumamosi, katika jengo lao wenyewe. Alikuwa na ombi dogo tu: je, tungeweza kuondoa ngoma zetu mbele ya madhabahu?

Kamati ikakaa tena. Swali lilikuwa hili: kuhamisha ngoma ni kushiriki harusi? Mzee mmoja alipendekeza tuzifunike kwa shuka ili zisione. Mwingine alisema ni halali kuzisukuma, ila si kuzibeba. Mwishowe Mchungaji akaamua: "Tutazihamisha. Lakini si kwa ajili ya harusi. Ni kwa ajili ya usafi." Nikaandika kwenye kumbukumbu za kikao: usafi wa jumla.

Jumamosi hiyo vijana wenye nguvu wote walikuwa kazini, kwa hiyo nilizihamisha mimi na Mchungaji, tukihema. Tulipotoka nje tukakuta magari ya wageni yamelizuia gari lake kila upande. Angeweza kuingia ukumbini kuomba yaondolewe, lakini hapo angekuwa ameingia harusini. Tukaenda kujificha jikoni.

Jikoni tukamkuta mama yetu wa Kikongo amefunga kitambaa, anakaanga sambusa. Mpiga kinanda alikuwa amemwomba, naye hakumwambia mtu.

"Mama! Hata wewe?" Mchungaji alishtuka.

"Sheria inasema nisilazimishwe," akajibu bila kuinua macho kwenye karai. "Nani amenilazimisha? Shika sahani, Pasta."

Akashika. Tulisikia yote kupitia dirisha la kupitishia chakula. Kwa kuwa bwana harusi hawezi kujipigia kinanda, walikuwa wameazima mtu aliyekosea kila beti, na Mchungaji, ambaye ana sikio zuri, alikunja uso kwa uchungu. Wale wazee wawili walipoanza kuapa, mmoja sauti ilimkatika. Mchungaji aliacha kutafuna mpaka yule mzee alipomaliza.

Baadaye mwalimu mstaafu akaja jikoni kushukuru, macho mekundu. Akamnyooshea Mchungaji mkono. Mchungaji alijifuta mafuta kwenye suruali, akaupokea.

"Mimi sikubaliani na jambo hili," akamwambia kwa Kiingereza.

"Najua. Asante kwa kuhamisha ngoma."

"Zilikuwa nzito sana," Mchungaji akasema.

Familia mbili zilituhama, zikisema tumeuza imani. Wengine walilalamika kwamba sambusa zimepikwa na wao hawakuonja. Jumapili iliyofuata Mchungaji alihubiri saa nzima dhidi ya ndoa za namna ile, kwa Kiswahili, huku mpiga kinanda akiwa amepiga magoti nyuma ya ukumbi anaunga waya wa spika yetu. Hakujua neno hata moja. Kila tulipoitikia amina, aliinua kichwa akatabasamu.

Ibada ilipokwisha alinifuata mlangoni.

"Leo amehubiri kuhusu nini?"

Nilitazama viatu vyangu.

"Ndoa," nikasema.

"Vizuri sana," akasema, akaenda kukunja waya zake.