Difu Mpya na Mashine ya Mahindi

Shida ilinianza mwaka wa sabini na nne, nikiwa na miaka kumi na moja. Baba alilala asubuhi moja hakuamka, na mimi nikatoka darasa la tatu nikaenda Bokoli kuchunga ng'ombe za watu. Kwa hivyo ukiona mahali nimeandika vibaya, jua masomo yangu yalikomea hapo. Gari nilijifundisha mwenyewe, kwa kufungua na kufunga. Hakuna mwalimu alinishika mkono. Pikapu yangu nimeiweka barabarani miaka ishirini na moja.

Nasema hivyo ndio ujue anayeongea ni mtu wa gari. Lakini mambo ya ile difu, lile boksi la gia katikati ya ekseli ya nyuma linalogawia magurudumu nguvu, yalinichanganya, na mpaka leo yananichanganya.

Pikapu hii inasukumwa na magurudumu ya nyuma, na kwangu iko na kazi mbili. Kazi ya kwanza ni kubeba mizigo. Ya pili inakuja wakati wa mavuno, ni kupukuchua mahindi. Nainua upande mmoja wa nyuma na jeki, natoa tairi, nafunga rimu tupu, navisha mkanda kutoka kwa rimu mpaka kwa mashine. Nikiweka gia, rimu ya juu inazunguka na gurudumu la chini linakaa kimya. Gari haiendi popote. Hiyo akili sikuomba mtu.

Ubaya ulikuwa matope. Gurudumu moja likiteleza, hilo ndilo linazunguka kama limerogwa, na lile lililoshika ardhi linatazama tu. Mwaka jana nililala njiani mara mbili na mzigo wa watu. Nikaenda kwa fundi mmoja wa Kitale, karibu na Kipsongo, mtu mzima mwenye kipara. Akaniambia kuna difu ya kununua kando, haikuja na gari, ndani iko na visahani vinavyobana. Gurudumu moja haliwezi kukimbia peke yake likaacha lingine.

Tulifunga pamoja siku mbili. Nilivuta shafti za magurudumu mwenyewe, nikashusha propela, ule mtarimbo mrefu unaoleta nguvu nyuma, yeye akatoa gia kubwa ya mviringo kwa difu ya zamani akaihamisha kwa mpya, akapaka meno rangi kuona yanaumana wapi. Oili yake pia ni tofauti. Nilipotoka, kila kona difu ilinguruma huko nyuma, grr, grr. Nikarudi.

"Fundi, umeniharibia gari."

"Mzee, hiyo ni kawaida yake. Enda uwanjani uzunguke polepole mpaka izoee."

Nilizunguka uwanja wa shule kama mtu amepoteza ng'ombe. Lakini matope? Bana, ilipanda kilima cha Kamukuywa kama mbuzi. Nikajiona mjanja.

Mahindi yakakauka. Nyumba saba za Kamukuywa zilikuwa wateja wangu wa kupukuchua kila mwaka, na sasa kuna mtu wa trekta alikuwa anazitamani. Nikikosa siku moja tu, wamehama. Nilifika asubuhi, nikaweka mawe mbele ya magurudumu ya mbele, nikainua upande mmoja wa nyuma kama kawaida. Mama watoto akasimama kwa mdomo wa mashine na karai lake. Nikaweka gia, nikaachilia klachi.

Gari likaenda.

Lilipanda mawe, likaanguka kutoka kwa jeki, likavuta mkanda na mashine nyuma yake. Mama watoto alitupa karai akaruka juu ya magunzi.

"Shemeji, pikapu imekumbuka kwao Kitale!" mama mmoja mwenye mahindi akapiga kelele, na wote wakacheka.

Mimi sikucheka. Niliangalia gia, ilikuwa sawa. Jeki, sawa. Nikatafuta mawe makubwa zaidi, mama watoto akakaa mbali, nikajaribu tena. Injini ikazima na mkanda ukanuka. Miaka yote hiyo gurudumu la chini limekaa kimya, leo limeingiwa na nini? Nikampigia fundi simu.

"Mzee, hukuniambia unasaga mahindi na gari!"

"Napukuchua. Na hukuniuliza."

"Sasa si hiyo ndio kazi ya difu? La juu likizunguka, la chini pia linasukuma."

"Hiyo ni ya matope. Hapa nimeinua na jeki, hakuna matope."

"Difu haijui, mzee. Inua yote mawili."

Haijui! Difu nimenunua ya kujua matope, sasa ati haijui jeki.

Nikapanga magogo chini ya ekseli, magurudumu yote mawili yakawa hewani. Mama watoto akakunja mikono.

"Baba watoto, kwa huo mdomo sisimami tena. Hata ukiweka gari juu ya mti."

"Basi ingia kwa usukani, ukanyage klachi nikisema."

"Mimi?"

"Si unaogopa mashine? Usukani hauna meno."

Akaingia. Nikasimama kwa mdomo mwenyewe, nikamimina mahindi. Mashine ikazunguka vizuri, gari likatulia. Lakini saa hiyo trekta lilikuwa limeshaitwa. Nyumba tano zilienda nalo, na mpaka leo hazijarudi. Mbili zilikaa.

Kuzungusha mashine na difu ya kubana sitaki tena. Niliuza fahali mmoja nikanunua injini ndogo ya dizeli. Fundi amenichorea ile difu mara tatu na chaki kwa sakafu. Nikiangalia mchoro naelewa. Nikisimama naona giza.

Leo niko na hizi: shamba ekari mbili, hati iko kwa jina langu. Nyumba ya mawe, vyumba vinne. Ng'ombe watatu. Pikapu moja yenye difu ya kubana. Mashine ya kupukuchua na injini yake. Wateja nyumba mbili. Na bibi anayejua kukanyaga klachi, sasa anaulizia leseni.