Pengo Langu na Wimbo wa Kakuma

Sifa zote ni kwa Mungu, aliyetupa kinywa cha kumwimbia na mwili unaojua kupona.

Nakumbuka siku moja, mwanangu, miaka ya sabini, nilipong'olewa gego kwenye zahanati ya Lodwar. Ilikuwa Jumatatu. Jumapili yake kanisa jipya la Kakuma lingefunguliwa, na mimi ndiye niliyechaguliwa kuanzisha wimbo.

Muuguzi aliniwekea pamba. "Iume mpaka damu ikome. Leo usiteme wala usisukutue. Na tumbaku, dada, iache mpaka upone."

Nikaitikia kwa kichwa. Lakini tumbaku ya kutafuna pamoja na magadi nilivizoea tangu usichana, kama wenzangu wote. Lori halijaiacha Lodwar nyuma, pamba nimeshaitupa, tumbaku iko shavuni, natema njia nzima hadi Kakuma.

Jumatano maumivu yakapanda mpaka sikioni. Hata maziwa sikuweza kunywa, sembuse kuimba! Shangazi Akiru, niliyefikia kwake, akanitazama, akanisalimu kwa Kiturkana.

"Ejok, mwimbaji! Umeficha yai la mbuni shavuni?"

Nikamweleza yote. Kicheko kikamtoka.

"Tukichimba kisima mchangani mwa mto, tunakizungushia miiba mbuzi wasikifukie. Damu ile iliyoganda kwenye shimo la jino ndiyo miiba yako. Umeitema njiani, sasa unalia!"

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Shangazi alinipeleka kwa muuguzi wa misheni, akaliosha shimo, akatia dawa, na kabla ya jioni nikapata nafuu. Siku zilizofuata nilisukutua polepole kwa maji ya chumvi yenye uvuguvugu, nikanywa uji uliopoa. Mfuko wangu wa tumbaku shangazi aliuvaa shingoni mwake. "Ukiutaka, uniombe mbele ya mchungaji!"

Jumapili nikasimama, nikafungua kinywa, pengo wazi mbele ya watu wote. Sauti ikatoka nzima! Kanisa likaitikia, vigelegele vikapaa, na shangazi akaruka kuliko wote, mfuko ukidundadunda kifuani pake. Sikuuomba tena, hadi leo.

Mwanangu, jino likishatoka, kazi iliyobaki ni yako. Linda damu iliyoganda, acha tumbaku, kula vyakula laini, na maumivu yakizidi badala ya kupungua, rudi kwa muuguzi bila aibu. Mungu huponya, lakini hapendi tukifukie kisima chake.

Bwana akulinde wewe usomaye, aponye kila kidonda chako, na siku yako ya kuimba ikukute una sauti.