Orpah na Neno Lililokataa

Orpah, mke wa Zablon, alikuwa na mdomo. Soko zima la Rongo lilimjua. Aliuza omena, dagaa wa Rusinga, na alimjibu Mjaluo kwa Kijaluo, Mkuria kwa Kikuria. Hata Noordin wa duka la nguo hakupona. "Noordin, kula omena! Chapati zimekulegeza mpaka ndevu."

Asubuhi moja ya msimu wa kupanda, sufuria ya uji ilimponyoka. Mkono wa kulia ukaning'inia, mdomo ukaenda upande. Zablon alimwita. Orpah akamtazama, machozi yakamtoka. Neno halikutoka.

Zablon alitaka gari la kwenda hospitali ya Homa Bay. Barnabas, kaka yake mkubwa, akasimama mlangoni.

"Gari la nini? Hii ni chira, laana ya kuvunja mwiko. Ametia mbegu shambani kabla ya mke wangu, na mimi ndiye mkubwa wa boma hili. Aliyevunja mwiko hukiri. Akiri, anywe manyasi, apone."

"Atakirije, owadwa, ndugu yangu? Hawezi kusema."

"Hataki."

Mkubwa amesema. Manyasi, ile dawa ya mizizi, ikawekwa kando ya kitanda, wakangoja.

Jumapili akina mama wa kanisa walikuja kumwimbia mgonjwa. Orpah akaimba nao, maneno yote, ubeti kwa ubeti. Zablon alidhani Mungu amejibu. Barnabas akapiga makofi.

"Mmeona? Ulimi mzima! Haya shemeji, sasa sema ulichofanya."

Orpah akafumbua mdomo. "Ta... ta..."

"Kiburi hicho."

Zablon hakumwomba mtu ruhusa tena. Alimbeba mkewe, akamfikisha hospitali. Daktari Metrine alisikiliza habari ya wimbo. Kisha akaweka vidole kichwani mwa Zablon mwenyewe.

"Mzee, ubongo una pande mbili. Wa kushoto ndio unaoendesha mkono wa kulia. Na hapa, kushoto, juu mbele ya sikio, ndipo watu wengi hutungia maneno. Mshipa umeziba, hapo pamekufa. Pa kuelewa ni nyuma kidogo. Pa mke wako ni pazima. Wimbo uliozoeleka hubebwa hata na upande wa kulia."

"Kumbe alikuwa anatusikia?"

"Kila neno, mzee."

"Hata kuambiwa ana kiburi?"

"Hata hilo. Mngemleta siku ile ile, pengine tungeokoa kitu."

Kabla hajatoka hospitali, mshipa wa pili uliziba chini, kisogoni, kwenye shina la ubongo, panapoendesha pumzi. Orpah alirudi nyumbani Uriri ndani ya sanduku.

Kaburini Barnabas akasimama kusema. "Shemeji yetu ameenda na siri yake."

"Hakuwa na siri," Zablon akasema. "Alikuwa na mshipa ulioziba. Na wewe ulikuwa mlangoni."

Barnabas akakohoa, akamwomba mchungaji aombe, chira isiwafuate watoto. Mchungaji akaomba. Watu wakaitikia amina kila alipotua.

Zablon alichukua sepetu, akaanza kufukia kabla sala haijaisha.