Stelingi Hafi

Ilikuwa harufu ya dawa ya kufutia rangi ya kucha. Tulikuwa tumefungiwa nyumbani Toongabbie, huku ughaibuni, mwaka wa pili wa Korona, na binti yangu Neema, ambaye ni nesi, alikuwa mezani akisugua kucha kabla ya kwenda zamu. Mjukuu wangu Tesi alijilaza kwenye kochi akitafuta filamu. Harufu ile, kali na tamu kama ndizi iliyoiva kupita kiasi, ilinirudisha Nakuru, kwa Barasa.

Barasa alionyesha sinema katika ukumbi wa wafanyakazi wa reli. Kila Jumapili mchana madirisha yalizibwa kwa mablanketi, nasi watoto tukajazana mbele. Filamu zilimfikia zimechakaa. Alikata vipande vilivyoungua kwa mkasi, akaunganisha kwa gundi yenye harufu hiyo hiyo. Aliniacha nimtazame akifanya kazi, kisha akaniingiza bure.

Sheria yetu ilikuwa moja: stelingi hafi. Mhusika mkuu apigwe risasi, atupwe mtoni, atainuka tu. Filamu za farasi na bastola zilitufunza hivyo, na hazikuwahi kutudanganya.

Jumapili moja ikaja filamu ya aina ngeni. Hakuna farasi. Mvua, vichochoro, vivuli virefu ukutani, na mwanamume mwenye kofia ambaye hatukujua kama ni mwema au mbaya.

"Stelingi gani huyu, kazi yake kuvuta sigara tu?" mtu akauliza nyuma.

"Tulia wewe, anawapima maadui kwanza."

Mwanamke mwenye glavu nyeupe akampiga risasi ya tumbo. Tukacheka, tukamngoja ainuke. Taa zikawaka.

"Barasa, mwinue!"

"Imeisha hapo, jamani! Ndivyo ilivyo!"

Nami, kwa kiburi cha kujua wasichokijua wakubwa, nikapanda juu ya benchi. "Ameikata! Nilimwona na mkasi!"

Wakubwa walimburuta Barasa juu ya viti. Chupa ikavunjikia usoni mwake. Mtu aling'oa mguu wa chuma wa meza ya projekta akamshushia mgongoni, mara tatu, na kila mara Barasa alisema "Ndivyo ilivyo," mpaka kinywa kikajaa damu. Mimi nilikuwa bado juu ya benchi. Jicho lake la kushoto halikupona.

Baadaye aliuza machungwa karibu na stesheni. "We kijana, siku hizi hunisalimii?" aliniita siku moja, kwa upole. Nilipita kama sikusikia. Sijui kama aliitambua sauti yangu siku ile ukumbini. Sikumpa nafasi ya kuniambia.

Miaka yote nilijifariji kwamba huenda kweli aliikata. Sikuwa nimesema uongo, mkasi niliuona. Kwa faraja hiyo nilioa, nikazeeka, nikavuka bahari.

Sasa Tesi akabonyeza rimoti, na kwenye televisheni ikanyesha mvua. Kofia. Vivuli ukutani. Nilimwomba asibadilishe. Glavu nyeupe zilipotokea, nilisogeza kiti karibu na televisheni. Risasi ikalia, mtu akaanguka, mvua ikaendelea kumnyeshea, na maandishi ya mwisho yakapanda. Barasa hakuwa amekata hata kipande kimoja.

Tesi hukielewa Kiswahili lakini hujibu kwa Kiingereza. Alinigeukia akauliza iliyobaki iko wapi.

"Imeisha hapo, mama," nikamwambia. "Ndivyo ilivyo."

Akacheka, hakuniamini.